Maswali ya Wasomaji kwa Fundi wa Magitaa: Vanishi, Msasa wa Maji na Mng'ao

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji wanaojitengenezea magitaa ya umeme kwa mikono yao waniandikie kuhusu hatua ya mwisho ya kazi, yaani kupaka vanishi na kuing'arisha. Barua zilizofika zimenionyesha kwamba wengi hutumia miezi mitatu kuchonga kiwiliwili na kunyoosha shingo, kisha vanishi wakaipa siku tatu, na karibu kila malalamiko niliyoyasoma chanzo chake ni hapo. Nimechagua barua sita. Ya kwanza inawahusu hasa wanaoishi pwani.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimechonga gitaa la mkangazi na kulipulizia vanishi ya NC mwezi Mei, wakati mvua zikiendelea. Mkono (yaani tabaka) wa kwanza na wa pili ulitoka vizuri, lakini wa tatu ulibadilika mbele ya macho yangu ukawa mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Je, niliuziwa vanishi mbovu, na je, nikwangue yote nianze upya? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Usikwangue chochote, na usimlaumu aliyekuuzia kabla hujaelewa kilichotokea. Vanishi ya NC, herufi ambazo ni ufupisho wa nitroselulosi, hukauka kwa njia moja tu, nayo ni thina, yaani kimiminika cha kuyeyushia, kuondoka na kuyaacha yale yaliyokuwa yameyeyushwa ndani yake. Thina inapoondoka huondoka na joto la pale ilipokuwa, kama unavyohisi ubaridi ukijipaka spiriti mkononi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, uso wa gitaa uliopoa ghafla hushikwa na umande, na umande huo ukinaswa ndani ya vanishi ambayo bado ni mbichi ndipo weupe unapotokea. Thina ya bei rahisi inayokauka upesi mno huzidisha tatizo, kwa sababu kadiri inavyoondoka haraka ndivyo uso unavyopoa zaidi.

Liache gitaa lipumzike siku nzima mahali penye hewa inayopita, kwa kuwa mara nyingi weupe huo hutoweka wenyewe. Usipotoweka, subiri siku kavu, kisha pulizia juu yake ukungu mwepesi sana wa thina inayokauka polepole, ile ambayo maduka ya rangi huuza kwa ajili ya hali ya hewa yenye unyevu. Thina hiyo hulainisha uso wa vanishi kwa muda, maji yakapata njia ya kutoka. Usiimimine kwa wingi, maana hukaa ndani kwa muda mrefu na kuifanya vanishi ibaki laini hata baada ya wiki kadhaa.

Kwa siku zijazo, nunua kipimaunyevu kidogo cha kutundika ukutani. Mimi sipulizi NC unyevu wa hewa unapozidi asilimia 70. Huko kwenu asubuhi za masika unyevu mara nyingi hupita asilimia 85, kwa hiyo kazi ya kupuliza ifanyike kati ya saa tano na saa tisa mchana, siku ambayo mvua imekatika, au isubiri kabisa. Jambo moja zaidi ambalo hukutaja: fungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa na uyamwage maji yaliyomo kila siku kabla ya kuanza. Nimewahi kuilaumu hewa ya bahari kwa wiki nzima, kumbe maji yalikuwa yakitoka kwenye tangi langu mwenyewe.

SWALI: Gitaa langu ni la mninga. Nilipiga sila (tabaka la kwanza la kuziba mbao), nikapuliza mikono sita ya NC, siku ya tano nikapiga msasa wa maji na polishi, likang'aa kama kioo. Wiki tatu baadaye vistari vidogovidogo vya mbao vimejitokeza tena uso mzima, na ukilitazama kwa pembeni utadhani sikuwahi kulipiga msasa. Nimekosea wapi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Umekosea mara mbili, na makosa yote mawili ni ya haraka. Nitaeleza kwa kirefu kwa sababu barua zinazofanana na yako zilikuwa nyingi kuliko nyingine zote.

Kosa la kwanza liko chini ya vanishi. Mninga, kama mkangazi na mvule, una vinyweleo vikubwa vilivyo wazi, ambavyo ni mirija iliyokuwa ikipitisha maji mti ulipokuwa hai. Sila peke yake haivijazi, bali hupaka kuta zake tu na kuviacha vikiwa mifereji. Vinyweleo hivyo hujazwa kwa kijazio cha mbao ambacho husuguliwa kwa kitambaa kigumu au kwa kipande cha plastiki kikikatiza mkondo wa mbao, ili kijazio kisukumwe ndani badala ya kufutwa kikitoka nje. Kikishakauka, kipigwe msasa hadi kibaki ndani ya vinyweleo peke yake, kisha kazi irudiwe, kwa kuwa kijazio chenyewe hunywea kinapokauka na mara moja haitoshi. Baadhi yetu hutumia epoksi, ambayo hainywei kama vijazio vya maji au vya mafuta. Mimi huipendelea kwa mninga, ingawa ina kazi kubwa kuipiga msasa na huitia mbao wekundu uliokolea zaidi, jambo ambalo si kila mteja analitaka. Mbao zenye vinyweleo vidogo, kama mepo inayotumika sana kwa shingo za magitaa ya Marekani, hazihitaji hatua hii.

Kosa la pili ni siku tano. Robo hivi tu ya kilichomo ndani ya kopo la NC ndiyo inayobaki juu ya mbao, na iliyosalia ni ya kuondoka. Ukichanganya vanishi na thina nusu kwa nusu ili ipite vizuri kwenye bunduki ya kupulizia, kinachobaki ni kama sehemu moja ya nane. Maana yake ni kwamba mkono mmoja uliolowa ukapendeza macho utanywea hadi uwe utando usio na unene wa kutajika, tena hautanywea siku hiyo hiyo. Uso hukauka kwanza, thina iliyo chini ikabaki imefungiwa na kutoka polepole kwa wiki nyingi, na muda wote huo vanishi huendelea kushuka ikilifuata umbo la kila kilicho chini yake. Uliponyoosha uso siku ya tano, ulinyoosha kitu ambacho bado kilikuwa kinatembea.

Kwa NC mimi hupuliza mikono mitatu kwa siku, nikiacha saa mbili kati ya mkono na mkono, hadi nifike kumi au kumi na miwili. Katikati ya safari, baada ya mkono wa tano au wa sita, husimama siku mbili nikapiga msasa namba 400 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi) kwa wepesi ili kuondoa vilima, kisha nikaendelea. Baada ya mkono wa mwisho gitaa hutundikwa wiki tatu kwa uchache, na nne zikipatikana ni bora, mahali pasipo na jua la moja kwa moja. Kipimo changu cha mwisho ni pua. Nusa mahali palipochongwa kwa ajili ya pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), na ukisikia harufu ya thina, hata iwe hafifu vipi, gitaa halijawa tayari kwa msasa wa maji.

Lako halijaharibika. Liache mwezi mmoja zaidi hadi linywee kabisa, lipige msasa namba 600 hadi liwe bapa, ongeza mikono minne, subiri tena, ndipo ung'arishe. Kwa kuwa mkono mpya wa NC huyeyusha kidogo ule wa chini yake na kuungana nao, hakuna atakayejua kwamba kazi ilifanyika kwa awamu mbili.

SWALI: Nilikuwa nasugua gitaa langu lenye rangi ya kufifia, njano katikati na nyeusi pembezoni, kwa msasa wa maji namba 1000. Ghafla kwenye ukingo mmoja weusi ukaondoka na mbao ikaonekana. Tena karibu na tundu la skrubu vanishi imevimba na kupasuka. Nimekata tamaa. — Msomaji, Nairobi

JIBU: Pole sana. Lililokupata limempata kila fundi ninayemfahamu, na mimi lilinipata kwenye gitaa la kwanza nililotengeneza kwa ajili ya mtu mwingine, siku moja kabla ya kulikabidhi.

Tabaka lote la vanishi ya NC kwenye gitaa lililotengenezwa vizuri lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na karatasi moja ya daftari. Ndani ya karatasi hiyo moja ndimo fundi anapotakiwa kupiga msasa wa namba nne au tano mfululizo, kisha polishi, na bado abakize ya kulinda mbao. Kwenye ukingo hali ni mbaya zaidi, maana vanishi mbichi hukimbia kona na kujikusanya kwenye sehemu bapa, wakati msasa nao huelemea kona kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo kona ina vanishi kidogo kuliko pote na inasuguliwa kuliko pote. Dawa yake ni kuzungusha kingo kwa nusu kipenyo cha kutosha tangu mbao ikiwa tupu, kuziongezea vanishi wakati wa kupuliza, na kutozigusa kabisa kwa msasa hadi namba 1500, tena kwa kidole na kwa mara chache za kuhesabu.

Sehemu bapa zisisuguliwe kwa vidole. Vidole huchimba mabonde ambayo huyaoni hadi polishi ipite. Tumia kibao cha mpira mgumu au cha koki (gome jepesi la vizibo vya chupa), ukikisindikiza na maji yenye tone la sabuni ili unga wa vanishi usigande kwenye karatasi. Futa uso mara kwa mara na uutazame kwa mwanga wa pembeni. Uso uliotoka kwenye bunduki huwa na vijibonde kama ganda la chungwa, na unapousugua, vilima hupauka huku vijibonde vikibaki vikimeta kama vinukta. Vinukta hivyo ndivyo vinavyokuambia ulipofika: vikiwapo, bado kuna kazi, na kinukta cha mwisho kikitoweka, acha mara moja na uende namba inayofuata. Anza na 1000, au na 800 ikiwa ganda la chungwa ni zito, kisha 1200, 1500 na 2000. Kila namba ina kazi moja tu, nayo ni kuondoa mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Ukibadili mwelekeo wa kusugua kila unapobadili namba, mikwaruzo ya zamani itajionyesha yenyewe.

Wazee wa kuchonga milango ya pwani waliposugua mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, ambao karatasi yetu imerithi jina lake, hawakuwa na namba za kufuata, lakini mkono wao ulijua jani jipya lina ukali gani na lililochakaa lifae wapi. Hisia hiyo ya mkono inahitajika hata leo, maana karatasi ya 1000 iliyotumika dakika kumi si 1000 tena.

Kuhusu tundu la skrubu, maji yaliingia ndani, mbao ikavimba, na vanishi isiyoweza kutanuka ikapasuka. Kabla ya msasa wa maji, kila tundu lipakwe vanishi kwa kijiti hadi ndani na liachwe likauke, na karibu na matundu mimi hutumia thina ya rangi za mafuta badala ya maji, kwa kuwa haivimbishi mbao wala haiyeyushi NC iliyokauka. Sasa liache likauke wiki nzima, kisha udondoshee NC kwenye nyufa.

Ukingo ulioondoka rangi unarekebishika. Changanya rangi nyeusi na vanishi, ipake kwa brashi ndogo mahali palipotoboka peke yake, iache ikauke, kisha dondoshea NC isiyo na rangi mkono juu ya mkono kwa siku kadhaa hadi ipande kidogo kuliko uso. Baada ya wiki mbili isawazishe kwa kibao kidogo.

Ukifika kwenye polishi, dawa za kusugulia za mafundi rangi wa magari zinafaa, mradi zisiwe na silikoni. Silikoni ikishaingia kwenye mbao au kwenye karakana, vanishi yoyote utakayopuliza baadaye itajitenga na kuacha vishimo vya mviringo. Wenye gurudumu la pamba lenye upana wa inchi 12 au 14 waliendeshe kwa mizunguko 700 hadi 800 hivi kwa dakika, wasizidishe, kwa sababu joto la msuguano hulainisha vanishi na kuiburuta. Lishike gitaa kwa mikono miwili na ukingo wa juu usiutazamishe gurudumu linakotokea, maana gurudumu likiudaka ukingo litalipokonya gitaa mikononi na kulitupa sakafuni. Asiye na gurudumu atumie sponji ya kung'arishia kwenye drili ya mwendo mdogo, au fulana kuukuu ya pamba na mkono wake. Kwa mkono ni kazi ya siku mbili, na matokeo yake hayana upungufu wowote.

SWALI: Muuza vyombo mmoja ameniambia kwamba NC pekee ndiyo huiacha mbao "ipumue", na kwamba gitaa lililopakwa polyurethani, vanishi ya plastiki, halina sauti. Jirani yangu anayepuliza rangi za magari anasema klia (vanishi isiyo na rangi) yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ni imara zaidi na inakauka upesi. Nimsikilize nani? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Kuhusu uimara, jirani yako. Kuhusu sauti, usimsikilize yule muuzaji. Pikapu ya gitaa la umeme husikia mtikisiko wa nyuzi za chuma ndani ya uga wa sumaku, na utando wenye unene wa karatasi juu ya ubao mzito wa sentimita nne na nusu si mahali pa kutafutia sauti. Tabaka nene kupita kiasi ni ubaya wa kazi ya fundi, vanishi iwe ya aina gani.

Heshima ya NC inatokana na historia. Kampuni ya magitaa ya Gibson, ikiwa bado Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, ilitumia NC kwa magitaa yake ya Les Paul tangu zilipotoka mwaka 1952 zikiwa na uso wa dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa unga wa shaba uliochanganywa na vanishi, ndiyo maana pale mkono wa mpigaji uliposugua vanishi ikaisha, leo pameota ukijani. Zile zilizofuata kuanzia mwaka 1958, zenye rangi ya kufifia, zilitiwa rangi nyekundu ambayo haikustahimili mwanga, na nyingi zimepauka kila moja kwa namna yake. Kampuni ya Fender huko California ilichukua rangi za viwanda vya magari: nyekundu iitwayo Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird ya mwaka 1956. Fender ilitumia rangi za DuPont, Duco ambayo ni ya nitroselulosi, na Lucite ambayo ni ya akriliki, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ikahamia polyesta nene. Watu wanaolilia NC wanalilia magitaa ya enzi hiyo, na nawaelewa, maana vanishi inayogeuka manjano, kupasukapasuka na kuchakaa kwa kufuata mkono wa mwenyewe ina uzuri ambao plastiki ngumu haina.

Klia ya hadina haikauki kwa thina kuondoka tu, bali kemikali mbili hushikana. Kwa hiyo hainywei sana, mikono mitatu inatosha, na baada ya siku chache unaweza kuing'arisha. Lakini mkono mpya hauyeyushi ule wa chini, na ukitoboa tabaka moja kwa msasa utaona mstari kama wa ramani ambao hauondoki hadi upulize uso mzima upya.

Sasa nisikilize kwa makini. Hadina ya klia hizo ina isosianati, ambazo zikivutwa puani zinaweza kumletea mtu pumu ya maisha, na akishapata mzio huo hata kiasi kidogo mno humrudishia. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Mahali salama ni chumba maalumu cha kupulizia chenye feni ya kutoa hewa, mpulizaji akiwa amevaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama jirani yako ana vifaa hivyo, mlipe akupulizie, kisha wewe uchukue kazi ya msasa na polishi nyumbani. Kama hana, tumia NC, ukikumbuka kwamba nayo hushika moto upesi: pasiwe na jiko, sigara wala swichi inayotoa cheche karibu.

SWALI: Sina kompresa wala umeme wa uhakika. Je, naweza kumaliza gitaa kwa mkono? — Msomaji, Unguja

JIBU: Unaweza, na kwa namna ambayo mafundi wa fanicha na vinanda waliijua muda mrefu kabla ya bunduki za rangi. Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo anayefugwa juu ya miti, hasa India, na ndiyo iliyotiwa pia katika lakiri ya kufungia barua. Iyeyushe katika spiriti, loweka pamba, ifunge ndani ya kitambaa safi cha kitani, gusa tone la mafuta ili isinase, kisha pitisha kwa miduara bila kusimama. Kila mpito huacha utando mwembamba mno, hivyo kazi itachukua wiki mbili za vipindi vifupi, na mng'ao wake ni wa kina usiofananishwa na kitu. Udhaifu wake ni jasho, joto na kileo: mpigaji wa bendi ya ukumbini atauchubua upesi.

Njia nyingine ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayosuguliwa kwa tambara na kufutwa yote yaliyozidi. Matambara hayo yasikunjwe wala kurundikwa, kwa kuwa mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha moto lenyewe usiku. Yatandaze nje moja moja, au yaloweke katika maji kabla ya kuyatupa. Ubao wa vidole wa mpingo usiupake vanishi ya aina yoyote; mafuta yake ya asili huzuia vanishi kushika, na msasa namba 2000 peke yake unatosha kuung'arisha.

SWALI: Nimetundika gitaa langu la NC kwenye stendi yenye mpira, na baada ya mwezi mpira umeacha alama iliyozama na yenye kunata. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Vilainishi vilivyomo katika mpira huo vimehamia kwenye vanishi na kuilainisha. Liondoe leo, liweke wiki mbili mahali pakavu, na alama ikishakuwa ngumu isawazishe kwa msasa wa maji namba 1500 na 2000, kisha polishi. Ikiwa imezama sana, dondoshea NC kwanza. Stendi ifunge kwa kitambaa cha pamba mara mbili, mahali pa shingo na mahali pa kiwiliwili, na kitambaa hicho ukikague kila unaposhusha gitaa, kwani mpira hukitoboa kwa msuguano.